Wigo wa Chai wa Morningside

Atuganile alikuwa na tabia ya kushukuru vitu kimoja kimoja. Asubuhi, kabla hajashika mkasi, alisimama kidogo kwenye mlango wa ghala la vifaa akavitaja kwa sauti ndogo: magoti ambayo bado hayajauma, ufunguo ambao haujapotea, umande uliokuwa ukimwagilia maua bila yeye kubeba ndoo. Félicité, mpishi wa nyumba ile, Mkongo wa Uvira mwenye mdomo usiokaa bure, alimsikia mara nyingi kutoka dirisha la jikoni.

"Ma sœur, leo umefika wapi na liste yako? Mimi uliniweka?"

"Wewe huja baada ya ndoo."

"Kisha ndoo! Eish. Na chai yangu utakunywa leo? Haiko."

Kisha kikombe kingetokea dirishani kama kawaida, chenye tangawizi na sukari kupita kiasi.

Bustani yenyewe iko Morningside, mtaa wa Durban, kwenye mteremko, mbele ya nyumba ya matofali mekundu ambayo rangi ya madirisha yake ilianza kubanduka miaka mingi iliyopita. Aliyeijenga ni babu yake Bibi Daphne, mwenye nyumba. Mzee huyo hakuzaliwa bwana mkubwa. Baba yake alikuwa mtunza bustani wa Marlcombe, jumba la matajiri huko mashambani Uingereza, na yeye alipopata fedha Durban kwa biashara ya magunia, alitaka kila akiamka aone kile alichokuwa akikichungulia utotoni kupitia lango la watumishi.

Picha ya Marlcombe imetundikwa ukumbini, kubwa kama meza. Mbele ya jumba kuna bustani iliyopimwa kwa kamba: wigo uliokatwa sawasawa kama ukingo wa kitanda, vijia vya kokoto, maua ndani ya mistari yake, hakuna kinachojiendea. Lakini baada ya hapo nchi inafunguka. Majani yanashuka taratibu hadi ziwani, miti mikubwa imesimama mmojammoja kama wageni wasiojuana, na paa wanakula bila wasiwasi. Hakuna uzio unaoonekana. Bibi Daphne alimweleza Atuganile kwamba pale katikati kuna handaki, limechimbwa kwa ujanja ili ng'ombe wasiikaribie nyumba na wenye nyumba, wakitazama dirishani, wasione kizuizi chochote. Atuganile alilipenda jambo hilo na likamsikitisha pia. Kila alipopeleka maua ndani, jicho lake lilikwenda kwenye handaki lisiloonekana, akawaza juu ya watu waliolichimba, na ziwa nalo, na kama kuna aliyeandika majina yao mahali.

Morningside hapakuwa na nafasi ya ziwa wala paa. Mzee alijenga alichoweza: uwanja wa mraba uliozungushiwa wigo pande nne, vijia viwili vinavyokutana kwenye saa ya jua, jiwe linaloonyesha saa kwa kivuli, waridi, na chini ya uwanja huo miti minane katika safu mbili. Bibi Daphne mwenyewe aliwahi kufika Marlcombe mara moja, akiwa na miaka sitini. Alilipa kiingilio kama mtalii mwingine yeyote, akaambiwa asikanyage majani.

Fahari ya nyumba ilikuwa ule wigo. Ilisemekana babu alileta vipandikizi vyake kwa meli kutoka Marlcombe, vimefungwa kwenye kuvumwani mbichi, ile mimea laini ya kijani iotayo kwenye mawe. Katika familia uliitwa wigo wa Marlcombe, na ulikuwa na daftari lake, lililonakiliwa kutoka kwa mtunza bustani wa kule: ukatwe lini, upewe nini. Kila mwanzo wa baridi, liliandika daftari, mwaga chokaa kwenye mashina, kiasi cha kiganja kwa kila mche.

Sasa, siku ya kwanza kabisa alipoajiriwa, miaka sita iliyopita, Atuganile alichuma jani la wigo ule, akalikunja, akalivunja, akalinusa. Aliguna. Pembeni lilikuwa na meno madogo. Mshipa wa katikati aliujua kwa kidole hata kabla ya jicho. Alizaliwa Rungwe, juu ya Tukuyu, mama yake alichuma chai maisha yake yote, na yeye mwenyewe alibeba kikapu mgongoni tangu darasa la tano hadi alipoolewa. Wigo wa Marlcombe ulikuwa chai. Chai tu, iliyokatwa kwa mkasi miaka mia moja mpaka ikasahau kazi yake.

Hakusema kitu. Alidhani wenyewe wanajua. Nani asiyejua kilichopandwa mbele ya mlango wake? Alidhani Waingereza hufanya hivyo, hupanda chai kwa ajili ya uzuri. Na tena alikuwa mgeni, mjane wa miezi minne, amepata kazi wakati chumba chake kule Point, karibu na bandari, kilikuwa kimebakiza wiki moja afukuzwe. Mtu wa namna hiyo haanzi kazi kwa kufundisha. Alishukuru kimyakimya kwamba kati ya bustani zote za Durban, Mungu alimleta kwenye mti wa mama yake, akafunga aproni.

Na baridi ilipoingia, Bibi Daphne alipomkabidhi daftari na kumwonyesha magunia ya chokaa ghalani, Atuganile alimwaga chokaa. Kiganja kwa kila mche. Mkono wake ulisita, hilo hakulisahau baadaye. Nyumbani hakuna anayetia chokaa kwenye chai, kwani chai hupenda udongo mchachu na chokaa huuondoa uchachu huo, hata watoto wanajua. Lakini daftari lilisema, na mwenye wigo alisema, na wigo wenyewe ulikuwa mzima wa miaka mia. Basi labda chai ya huku imezoea. Alimwaga mwaka wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita.

Mwaka wa nne majani yalianza kupauka, mishipa ikabaki kijani na nyama ya jani ikawa ya manjano. Mwaka wa tano chini kukawa wazi, unaona miguu ya mtu aliye upande wa pili. Mwaka wa sita wigo ulifanana na mswaki wa zamani.

Ilikuwa mwezi wa tano Bibi Daphne alipomwita kwenye baraza la mbele. Ana miaka sabini na tisa, mrefu, mgongo umeanza kupinda kidogo, na huzungumza Kiingereza cha taratibu ambacho Atuganile hukielewa vizuri kuliko cha redioni.

"Attie," alisema, kwa kuwa jina zima lilimshinda tangu mwanzo. "Nimeamua. Wigo umekufa. Mwisho wa mwezi ujao watakuja watu na mashine wautoe, watandike majani ya uwanja."

"Wote, Madam?"

"Wote. Usiogope, kazi yako ipo. Majani nayo yanahitaji mtu." Alitazama pembeni. "Babu yangu angeona aibu. Umedumu kwa wote, umekuja kufa kwangu."

Atuganile alirudi ghalani akaketi juu ya gunia. Alipoangalia alichokalia, akaona ni gunia la chokaa, akasimama haraka.

Mchana alimweleza Félicité yote, jikoni, huku mwenzake akimenya viazi.

"Ngoja," Félicité alisema. "Ule mti ni majani ya chai. Ile chai-chai? Ya kunywa?"

"Ya kunywa."

"Na ulijua tangu siku ya kwanza."

"Nilijua."

"Na njo weye uliuua na chokaa."

"Félicité, usiseme kwa sauti."

"Nani atasikia? La vieille, ule mzee, hasikii Kiswahili." Aliweka kisu chini. "Sikiliza, Mama Atu. Amesema kazi iko? Bon. Funga kinywa. Mti ufe na siri yake. Ukienda kumwambia 'Madam, wigo ya babu yako ni uongo, tena mimi njo nilimaliza kuiua', atakuchapia miguu kwenye matako mpaka Point."

"Lakini haujafa. Nimekwaruza mashina kwa ukucha, ndani bado kijani. Ukikatwa sasa, ukatunzwa, unaweza kurudi."

"Unaweza. Na usiporudi?"

Hapo ndipo jambo lilipokuwa. Akinyamaza, atakaa na mkate wake na kukata majani mapya, na mti wa mama yake utang'olewa kwa kosa la mkono wake. Akisema, anaweza kupoteza vyote viwili siku moja.

"Mie ni mpishi tu," Félicité alisema, akirudia viazi. "Weye ukionja sombe yangu ya majani ya muhogo, ukute chumvi mingi, utaniambia?"

"Nitakuambia."

"Njo maana watu hawakualikake kwenye mandoa, kwenye arusi."

Jumamosi iliyofuata Atuganile alikwenda Sydenham, kwa Mzee Munsamy, aliyeitunza bustani ile miaka arobaini na mitatu kabla yake na kuacha kwa sababu ya magoti. Alimkuta sebuleni, miguu juu ya kigoda, anatazama kriketi na kuwatukana wachezaji. Walizungumza kama walivyozungumza zile wiki mbili alizomfundisha kazi, Kiingereza kidogo, Kizulu kidogo, na mikono.

"Wigo unakufa, mzee."

"Nani ameuua?"

"Mimi."

Mzee alizima sauti ya televisheni. "Kwa kitu gani?"

"Chokaa. Daftari lilisema chokaa."

"Chokaa!" Alijipiga paja, na goti likamkumbusha, akakunja uso. "Binti, uliniambia wewe mwenyewe, siku ya pili tu, umetoka kwenye chai. Nikasema moyoni, asante Mungu, huyu hahitaji kuambiwa. Nikaenda kulala."

"Ulijua kuwa ni chai?"

"Babu yangu ndiye aliyeipanda! Miche ya Uingereza ilikufa yote kiangazi cha kwanza. Mzee wa nyumba akalia kama mtoto. Kisha akamtuma babu kwenye mashamba ya chai ya kaskazini, yalikuwapo enzi hizo, akaleta miche kwa mkokoteni, wakapanda mke wa mzee akiwa kwa ndugu zake. Babu aliahidi hatasema. Baba yangu hakusema. Mimi ningeanzia wapi?"

"Na chokaa? Miaka arobaini na mitatu?"

Mzee Munsamy alicheka mpaka akakohoa. "Hukuyaona mawe?"

Atuganile aliyakumbuka. Alipoanza kazi, mawe yote ya kando ya njia ya gari yalikuwa meupe pe, na mashina ya miti minane pia, meupe mpaka kiunoni. Bibi Daphne alimwambia asihangaike kuyapaka tena, kwamba yanaifanya nyumba ionekane kambi ya askari. Kumbe chokaa yote ya kila baridi, baba hadi mwana, ilikuwa ikiishia pale. Gunia linakwisha, daftari linatiiwa, chai inapona.

"Nami nilidhani wao wanajua," alisema polepole.

"Na mimi nilidhani wewe unajua. Nyumba ile kila mtu anadhani." Mzee alirudisha sauti ya kriketi, kisha akaizima tena. "Nenda kamwambie. Ahadi ilikuwa ya babu, na babu keshakufa. Mwambie Munsamy amekuruhusu. Akikufukuza, njoo hapa, mwanangu anatafuta mtu wa kuuza dukani. Lakini ukate kwanza! Umesikia? Fukuzwa umeshakata."

Atuganile alicheka njia nzima ya kurudi, na machozi yalikuwa karibu. Alimshukuru yule babu na mkokoteni wake, na mawe yaliyopakwa, na wanaume watatu waliobeba uongo mmoja kwa uaminifu kiasi kile.

Hakukata kwanza. Jumatatu, Bibi Daphne alipokuwa akinywa chai yake ya saa nne barazani, Atuganile alisimama mbele yake, mikono nyuma, akasema yote bila kuruka. Chokaa. Chai. Mkokoteni. Alianza na chokaa kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa yake.

Bibi Daphne hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza. Aliinuka, akashuka ngazi akishika ukuta, akaenda hadi kwenye wigo. Alichuma jani, akalitazama pande zote kama mtu asomaye barua asiyoitarajia.

"Wageni wangu," alisema, "wengine ni watu wa miti. Wametembea hapa miaka na miaka. Nimewaambia juu ya meli na kuvumwani." Shingo yake ilikuwa nyekundu. "Kwa nini hakuna aliyeniambia?"

"Labda walikuwa na adabu, Madam."

"Na wewe? Wewe pia ulikuwa na adabu?"

"Mimi niliogopa. Na nilidhani unajua."

Bibi Daphne aliingia ndani, akajifungia. Félicité alitoka jikoni na kitambaa mkononi, akauliza kwa kichwa: imekuwaje? Atuganile alifungua viganja. Siku nzima alifagia vijia ambavyo tayari vilikuwa safi, akisubiri kuitwa kwa neno la mwisho. Alijisikia mwepesi kwa namna ya ajabu. Aliwaza kwamba hata akifukuzwa, kuna miaka sita ambayo hakuna atakayeichukua, na alishukuru kwa hiyo.

Saa kumi jioni Bibi Daphne alitoka, macho yamevimba, sauti imenyooka.

"Unaweza kuuokoa?"

"Ninaweza kujaribu. Lakini utakuwa mbaya sana kwanza, Madam. Kama jalala."

"Mpaka lini?"

"Mvua za mwezi wa tisa."

"Nitawaambia wale wa mashine wasije kabla ya mwezi wa kumi." Aliutazama wigo. "Una baridi hii moja, Attie. Ikipita, basi."

Akakata. Hakukata kama wanavyokata wigo Morningside, kunyoa kichwa tu. Alikata kama wanavyokata Rungwe shamba likizeeka, chini kabisa, usawa wa goti, kwa msumeno na panga, mche baada ya mche, mpaka pande zote nne zikawa vijiti vilivyosimama. Kila mche aliuachia tawi moja refu lenye majani, kama mama yake alivyomfundisha, ili mti upate pa kupumulia. Alikwangua udongo wa juu uliojaa chokaa akautoa kwa toroli, akatia unga wa salfa na sindano za misonobari alizoziokota magunia kumi na mawili, ili udongo urudie uchachu wake. Mwisho, yale matawi aliyokata akayalaza yote juu ya vijiti, tabaka nene, kuvifunika. Mti uliokatwa ni kama mtu aliyevuliwa ngozi, jua la mchana huuchoma, hata jua la baridi.

Kweli ilifanana na jalala. Matawi yalikauka yakawa ya kahawia, yakaning'inia kila upande. Félicité alisema ni kama nyumba ya kuku imepigwa na bomu. Bibi Daphne alikuwa akipita ameangalia mbele, kama mtu anayempita mgonjwa asiyetaka kumwamsha.

Katikati ya mwezi wa saba kikundi cha mabibi wapenda bustani kilikuwa na zamu ya kukutana kwake, na Jumapili hiyo Atuganile alikuwa kanisani. Jumatatu asubuhi alipofika alikuta upande wa mbele, ule unaoelekea lango, umefagiliwa safi. Hakuna hata tawi la kufunika. Vijiti vilisimama wazi kwenye jua, vimeanza kupasuka ngozi upande wa kaskazini. Pande nyingine tatu, zilizo mbali na njia ya wageni, zilikuwa zimeachwa.

Alimtazama Félicité. Félicité alitazama sufuria.

"Usiniulize. Mie nilipewa ordre, nilishika fagio. Na mwenyewe alishika. Miaka yote ile, na akainama, akabeba matawi na mikono yake. Nilimwambia, 'Madam, Attie atachukia.' Akasema, 'Attie hayuko.'"

Atuganile alirudi nje. Matawi yalikuwa yameshachukuliwa na gari la taka. Alikusanya magunia matupu, akayashona kwa kamba, akafunika upande ule, lakini alijua siku nzima ya jua kali imeshafanya kazi yake. Hasira ilimpanda hadi masikioni. Alikuwa na neno tayari, neno zuri la Kinyakyusa ambalo halina mwenzake katika Kiingereza. Kisha akakumbuka mkono wake mwenyewe, kiganja kwa kila mche, miaka sita, kwa sababu ya kutaka kuonekana mtu mwema mbele ya wenye nyumba. Bibi Daphne naye alitaka kuonekana mbele ya mabibi wenzake. Neno akalimeza. Alishona gunia lingine.

Mwezi wa nane ukapita mkavu. Alimwagilia kwa ndoo kutoka kwenye pipa la maji ya mvua, akahesabu siku. Wiki ya kwanza ya mwezi wa tisa hakuna kitu. Ya pili, hakuna kitu, na wale wa mashine walipiga simu kuuliza kama tarehe iko palepale. Ya tatu mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, ile mvua ya Durban isiyo na haraka, na siku ya tatu Atuganile aliinua matawi makavu ya upande wa magharibi kwa ncha za vidole kama mtu anayefunua uso wa mtoto aliyelala.

Kulikuwa na vichipukizi. Vyekundu kidogo, vidogo kuliko punje ya mchele, vimetoka kwenye gome kavu kabisa, mahali ambapo hakuna mtu angetegemea kitu. Aliinua pengine. Vipo. Upande wa kusini, vipo. Wa mashariki vichache, lakini vipo. Alipiga magoti pale kwenye kokoto, akakosa wa kuanza kumshukuru, majina yalimjia mengi kwa mpigo mmoja. Akamwita Félicité, Félicité akamwita Bibi Daphne, na wote watatu wakainama kwenye mistari ile kama wanawake waliodondosha pete.

Walifika upande wa mbele. Atuganile aliinua magunia. Alikwaruza kijiti kwa ukucha, ndani ni kahawia. Kingine, kahawia. Walikwenda mpaka mwisho wa mstari. Hakuna hata kimoja.

Félicité alikumbuka ghafla ana kitu jikoni.

"Attie," Bibi Daphne alisema. "Yale matawi. Ile Jumapili. Siyo mpishi, ni mimi."

"Najua, Madam."

"Unajua? Na hukusema?"

"Uliacha alama za viatu kwenye udongo. Félicité havai viatu vya kisigino."

Bibi Daphne alitoa sauti ambayo ilikusudiwa kuwa kicheko. Kisha akakaa kwenye ukingo wa saa ya jua, mzee ghafla, mikono mapajani. "Ulinieleza waziwazi. Nikaona aibu mbele ya wanawake sita ambao nusu yao siwapendi." Akatazama vijiti vilivyokufa. "Nitawaambia wale watu waje basi, wafanye upande huu mmoja. Waweke majani."

"Hapana, Madam."

Hakuwahi kumwambia hapana katika miaka sita. Wote wawili walilisikia neno hilo likisimama pale katikati yao.

"Mashine itakata mizizi ya pande nyingine kwenye kona," Atuganile aliendelea. "Nitang'oa mimi, kwa jembe. Na miche mipya nitaitoa humuhumu." Alionyesha yale matawi marefu ya kupumulia, yaliyobaki na majani. "Jani moja na kipande cha shina, kila jani mche mmoja. Nyumbani tulikuwa tunafanya. Unatia kwenye kifuko cha udongo, unaweka kivulini. Mwaka mmoja, unapanda."

"Na lini itafikia kimo cha hii mingine?"

Atuganile alifikiri. Angeweza kusema miaka mitatu, ili mambo yawe mepesi. "Ukihesabu na kitalu, mitano. Labda sita."

Bibi Daphne alihesabu kwa midomo. "Nitakuwa na themanini na nne."

"Mimi hamsini na mbili."

"Na mtu wa kuitunza miaka yote hiyo?"

"Ndiyo hilo, Madam."

Walitazamana. Bibi Daphne alinyoosha mkono ili asaidiwe kusimama, na aliposimama hakuuachia upesi. "Nitawapigia wasije kabisa," alisema. Kisha, polepole, akijaribu kila kipande kama anayepanda ngazi gizani, "Atu-ga-ni-le. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Maana yake nini?"

"Ametupenda."

Bibi Daphne aliitikia kwa kichwa, akaingia kupiga simu.

Upande wa mbele Atuganile aliung'oa peke yake, siku nne. Félicité alijitolea kumsaidia, akakataa. Kila kisiki alikizunguka kwa jembe, akakitikisa, akakitoa na mizizi yake mizima, akaviweka vyote kwenye mstari mmoja juu ya majani. Alivihesabu, thelathini na saba. Mikono ya mtu asiyejulikana jina kwenye nyumba ile iliviteremsha kutoka kwenye mkokoteni, na Atuganile alimwomba radhi babu huyo wa Munsamy, kisha akamshukuru, kwa mpangilio huo. Zilibaki pande tatu za mraba ambao sasa ulifunguka kuelekea langoni, na kwa mara ya kwanza mtu aliyepita barabarani aliweza kuona waridi.

Vifuko vya miche alivipanga nyuma ya jikoni, mia moja na ishirini, chini ya kamba ya kuanikia, penye kivuli cha ukuta. Félicité alipotoka na beseni la nguo alisimama, akatazama chini, akatazama kamba.

"Na mashuka yangu nitapitia wapi? Juu ya watoto wako?"

"Utapitia pembeni."

"Mpaka lini?"

"Mwaka mmoja tu."

"Mwaka! Huyu mama." Lakini aliweka beseni chini, akachuchumaa, akakigusa kifuko kimoja kwa kidole. "Haka nako kamelala. Unakapa maji?"

"Kidogo. Asubuhi na jioni."

"Bon. Asubuhi ni yako," Félicité alisema. "Jioni niachie mimi, kwa vile weye unakwenda Point na mimi nalala hapa."

Atuganile alimpa ndoo ndogo, akamwonyesha kiasi.